Dhahabu ya Bibi na Lango la Uwanja wa Ndege



Mama zetu, dada zetu na jamaa zote mnaotusoma kila Ijumaa, msimu wa safari umewadia tena. Wako wanaojiandaa kwenda umra, wako wanaokwenda Nairobi kumtazama binti aliyejifungua, na wako walioitwa na watoto wao walioko Muscat, London au Toronto. Masanduku yamekwisha kufunguliwa juu ya vitanda, visheti na achari vimekwisha kufungwa. Katika matayarisho yote hayo liko jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa hadi dakika ya mwisho, nalo ni hili: mwanamke avae nini mwilini na miguuni atakapopita katika lango la ukaguzi wa uwanja wa ndege. Juma hili twaomba tulizungumze, kwa kuwa sisi wenyewe tulilipuuza, na likatugharimu.

Miaka michache iliyopita tulisafiri jamaa tisa kwenda umra, wanawake sita na wanaume watatu. Mkubwa wetu alikuwa bibi yetu, ambaye hadi siku ile hakuwahi kupanda ndege. Alivaa kama avaavyo siku zote: buibui, mtandio, makubadhi, kipini puani, na bangili nne za dhahabu katika mkono wa kulia. Bangili hizo zilikuwa mahari yake. Alivishwa akiwa mwari wa miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo alizivua mara moja tu, alipomkalia babu eda. Eda ilipokwisha alizivaa tena. Wajukuu wake wa kike walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa bangili yake siku atakayoolewa.

Katika uwanja mmoja tuliopita, alipovuka lango likalia. Kijana wa ulinzi akamwambia kwa sauti ya juu arudi nyuma atoe vyuma vyote. Bibi akatoa funguo na sarafu mfukoni, akapita tena, lango likalia tena. Kijana akamsogelea na kile kifaa cha mkononi. Bibi alipomwona mwanamume asiye maharimu wake anamkaribia mwilini, alidhani ataguswa mbele za watu. Haya ikamshika, na pamoja na haya ikaja haraka. Akazivua bangili zote nne, akavua kipini, akavua makubadhi, akavitia vyote wazi katika trei ya plastiki. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wakiguna. Trei ikaondoka na ukanda wa mashine ilhali yeye yu bado upande wa pili, miguu mitupu, mtandio umemlegea, akimtafuta mmoja wetu kwa macho. Sisi tulikuwa tumekwisha kuvuka. Tulikuwa tukivaa viatu na kutafuta simu zetu. Alipoifikia trei yake, bangili zilikuwa tatu.

Tulitafuta chini ya ukanda na ndani ya trei nyingine, na walinzi wakatafuta pamoja nasi. Kisha ndege ikaitwa. Bibi akasema tusiikose safari ya ibada kwa kipande cha dhahabu, tukaondoka. Hatukuwahi kujua kama bangili ile iliteleza mahali au iliingia mkononi mwa mtu, na hatumtuhumu yeyote.

Tunalolijua ni hili. Katika sisi tisa, watano tulikuwa tumesafiri kwa ndege mara nyingi. Tulijua kwamba lango litalia. Tulijua kwamba mwanamke ana haki ya kuomba akaguliwe na mwanamke mwenzake, pahali pa faragha. Tulijua kwamba vito havitiwi katika trei vikiwa wazi. Hatukumwambia. Tulimfundisha talbiya, tukamhesabia mizunguko ya tawafu, tukamshonea mfuko wa pasipoti wa kuvaa shingoni. Lango hatukumtajia, kwa kuwa kwetu sisi lilikuwa jambo dogo. Mizigo ya mzee wetu tuliibeba sote, na habari ya njia tukamwacha aigundue peke yake. Ndiyo sababu twaandika haya, ili bibi wa nyumba nyingine asiyakute.

Tuanze kwa kulielewa lango lenyewe, maana kitu kinachoeleweka hakitishi. Lango lile halimwoni mtu wala haliuonyeshi mwili wake ndani ya nguo. Ndani ya nguzo zake mna nyaya zinazotoa nguvu ya sumaku inayobadilika mara nyingi katika kila sekunde. Madini yoyote yapitishayo umeme yakiingia humo, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani yake, na lango huihisi mikondo hiyo na kulia. Kwa hiyo dhahabu huliza lango ingawa haivutwi na sumaku, na fedha na shaba ni vivyo hivyo. Wako wanaoambizana kwamba dhahabu safi hupita kimya. Hayo si kweli. Kinachoangaliwa ni wingi wa madini, umbo lake na namna yalivyokaa mwilini. Pete moja nyembamba au vipuli vidogo vya masikio mara nyingi hupita bila kelele. Bangili kadhaa zilizokaa pamoja, kidani kizito, mitali ya miguuni au mkanda wenye bizimu kubwa, aghalabu havipiti. Hata pini za mtandio, zikiwa nyingi, zaweza kumrudisha mtu nyuma.

Mkoba nao hupita katika mashine ya eksirei. Mashine hii huonyesha vitu kwa kadiri vinavyoizuia miale yake, na dhahabu, kwa uzito wake, huizuia sana. Vito vingi vikifungwa pamoja katika kitambaa huonekana kama bonge la giza, na mkaguzi hana budi kutaka mkoba ufunguliwe. Hapo ndipo kidani cha harusi hutandazwa mbele ya macho ya foleni nzima, na kila mtu akajua ni nani aliyebeba nini.

Basi ushauri wetu wa kwanza ni kwamba hesabu ya dhahabu ifanywe nyumbani. Mwanamke ajiulize: katika safari hii, nahitaji kuvaa nini hasa? Aendaye umra hahitaji kidani. Aendaye harusini huenda akakihitaji, lakini hahitaji kukivaa ndani ya ndege. Kisichohitajika kibaki nyumbani, mikononi mwa mtu mwaminifu, na ikiwezekana kipigwe picha na kuandikwa, kwa kuwa amana iliyoandikwa huwaepusha jamaa na maneno. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Dini imempa, na hapana mume, kaka wala mtoto mwenye haki nayo pasi na ridhaa yake. Mali ya namna hiyo yastahiki kulindwa kwa akili ile ile ambayo mwanamume huitumia kulinda hati ya shamba lake.

Pili, kitakachosafiri kisitiwe katika sanduku linalopelekwa chini ya ndege. Kikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya mfuko mdogo wenye zipu, na mfuko huo uwe ndani kabisa ya mkoba. Vitu vivuliwe kabla ya kufika kwenye foleni, mahali penye nafasi na utulivu, au visivaliwe kabisa hadi mwisho wa safari. Kito kisiwekwe wazi katika trei hata mara moja. Trei ni chombo cha watu wote, hupokezanwa kwa haraka, na pete ndogo hujibana pembeni bila kuonekana. Mkaguzi akihitaji kuufungua mkoba wenye vito, ni halali kumwomba kwa upole aufungue pembeni, nawe ukiwapo ukitazama.

Tatu, jamaa wasafirio pamoja wapange safu yao. Mtu mmoja anayeijua njia atangulie, ili awe upande wa pili kuzipokea trei zinapotoka. Mwingine anayeijua njia awe wa mwisho, nyuma ya wazee na watoto. Mzee asilivuke lango kabla ya kuuona mkoba wake umeingia ndani ya mashine, wala asiachwe upande mmoja ilhali mali yake iko upande mwingine. Lau sisi tungalifanya hili moja tu, bangili zingalikuwa nne hadi leo.

Wako miongoni mwetu wanaovaa mkufu au shanga kiunoni. Hilo ni la mtu na nyumba yake, na hatutaki kulifanya mjadala. Twasema tu kwamba mkufu wa madini waweza kuliliza lango, na kwamba mkaguzi wa kike anayepapasa juu ya nguo atauhisi, na huenda akauliza ni nini. Asiyetaka kuulizwa auache nyumbani. Aliyeuvaa ajibu kwa utulivu, maana hakutenda kosa.

Sasa tuje kwenye viatu. Wengi huuliza kwa nini viatu vivuliwe, na wengine hudhani ni dharau. Sababu yake yajulikana. Tarehe 22 Desemba 2001, mtu mmoja aitwaye Richard Reid, raia wa Uingereza, alijaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami kwa baruti aliyoificha ndani ya viatu vyake. Abiria na wahudumu wakamdhibiti kabla hajafaulu. Mwaka 2006 Marekani ikawalazimisha abiria wote wavue viatu, na desturi hiyo ikaenea katika viwanja vingi. Mnamo Julai 2025 Marekani yenyewe ililegeza amri hiyo kwa abiria wa kawaida. Lakini kila uwanja una utaratibu wake, na msafiri asende akibishana kwamba mahali fulani havivuliwi. Hapa kwetu msafiri ajitayarishe kuvivua, na huenda akavivua zaidi ya mara moja, kwani katika viwanja vikubwa ukaguzi huwa kabla ya kaunta ya tiketi na tena kabla ya kupanda ndege.

Viatu vingi vya visigino na vya ofisini vina bati jembamba la chuma ndani ya soli, lililowekwa ili kiatu kisipinde, nalo huliza lango. Kiatu chenye kamba ndefu au vifungo vingi humchelewesha mtu na kumlazimisha kuinama mbele za watu. Kiatu kilicho bora kwa safari ni kile kinachovulika kwa mguu mmoja kuusaidia mwingine. Makubadhi yetu ya ngozi yafaa sana, ikiwa hayakupambwa kwa vifungo vya shaba. Watoto nao, wale wapendao viatu vinavyowaka taa kila wanapokanyaga, waelezwe mapema kwamba siku hiyo wavae vingine. Viatu hivyo vina betri na nyaya ndani yake, na mkaguzi akiviona katika mashine hatavipitisha bila kuuliza.

Hapa liko jambo lihusulo dini yetu, nalo ni unyayo wa mwanamke. Sisi wa pwani, tulio wengi katika madhehebu ya Imam Shafi, twafundishwa tangu utotoni kwamba miguu ni sehemu ya aura. Mwanamke aliyevaa kiatu cha kufunika bila soksi atajikuta miguu wazi, mbele ya wanaume, juu ya sakafu iliyokanyagwa na maelfu. Dawa yake ni nyepesi: soksi. Na soksi hazina ubaya hata kwa mwanamke aliye katika ihramu. Alichokatazwa ni nikabu na glavu. Waweza kuchukua jozi mbili, moja ya kupitia langoni na nyingine safi ya kubadilisha baadaye.

Wanaume wa nyumba zetu tusiwasahau. Mwanamume aliyevaa ihramu huufunga msuli wake kwa mkanda wenye mifuko, na mkanda huo mara nyingi una bizimu ya chuma. Langoni ataambiwa auvue. Asiyejitayarisha husimama akishika shuka kwa mkono mmoja na pasipoti kwa mkono wa pili. Shuka ikunjwe na kukazwa vyema kiunoni, isimame yenyewe, ndipo mkanda utolewe.

Sasa lililo kubwa zaidi, nalo ni staha. Ukaguzi ni jambo la lazima, na manufaa yake ni yetu sote. Roho zilizomo ndani ya ndege ni amana pia. Lakini ukaguzi haumnyang'anyi mtu heshima yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yatambua heshima ya utu wa kila mtu. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 27, yaeleza kwamba mwanamke akihitajika kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na staha ichungwe sana. Katika viwanja vya Marekani na Uingereza pia mwanamke hupapaswa na afisa wa kike, naye aweza kuomba chumba cha faragha. Mtandio hauvuliwi hadharani. Mashine ikiwa na shaka, msafiri aweza kuombwa aupapase mwenyewe kwa mikono yake, kisha mikono ipanguswe kwa kitambaa cha kupimia baruti. Au atapelekwa faragha na afisa wa kike. Avaaye nikabu ataombwa uso wake ulinganishwe na picha ya pasipoti, na hapo aombe afanye hivyo mbele ya mwanamke, pembeni.

Nchi za ng'ambo zina pia mashine ambayo mtu husimama ndani yake akiinua mikono. Wengi wetu huiogopa kwa kusikia kwamba huonyesha mwili. Katika viwanja vya Marekani, skrini ya mashine hizo huonyesha mchoro wa mtu ulio sawa kwa kila abiria, na alama mahali penye kitu cha kuangaliwa. Hakionekani kingine. Asiyeitaka hata hivyo aweza kuomba apapaswe na afisa wa kike badala yake.

Haki isiyojulikana kwa maneno haimsaidii mwenyewe. Basi tuwafundishe mama zetu maneno yenyewe, wayaseme nyumbani mpaka ulimi uyazoee: "Mwanangu, naomba nikaguliwe na mwanamke, mahali pa faragha." Yatosha. Hayana hasira, wala hayahitaji Kiingereza. Tena yasemwe mapema, kabla ya lango kulia, kwa kuwa ombi la mapema huwa ombi, na la baadaye hugeuka ubishi. Wale mabinti wanaosimama langoni saa nyingi kwa miguu yao ni watoto wa watu kama sisi. Wengi wao huvaa mtandio kama sisi. Salamu na tabasamu havipunguzi haki ya mtu hata chembe.

Wenye goti au nyonga ya chuma wamwambie mkaguzi kabla ya kupita, na wabebe barua ya daktari. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye aseme mapema, aonyeshe kadi aliyopewa hospitali, asikawie ndani ya lango, na kifaa cha mkononi kisikawizwe juu ya kifua chake. Mzee anayekwenda kwa kiti cha magurudumu hukaguliwa akiwa ameketi. Asilazimishwe na jamaa zake kusimama ili foleni isonge.

Tulipokuwa tunarejea kutoka Jeddah, mjukuu mmoja alitembea mbele ya bibi na mwingine nyuma yake. Kipini kilikuwa ndani ya mfuko wenye zipu, na makubadhi yalikuwa tayari mkononi. Bangili tatu zilikuwa pale pale mkononi, kwa kuwa alikataa kuzivua tena. Kabla ya kulifikia lango, wa mbele akamwendea afisa wa kike, akamsalimu, akamweleza. Bibi akapelekwa nyuma ya pazia. Kifaa kikalia juu ya bangili, afisa akazitazama, akampapasa mabega na mikono, akamrudishia mtandio vizuri begani. Yote hayo hayakufika muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Bibi akatoka, akatutazama sote kwa zamu, akasema, "Kumbe ni hivi tu."

Hakutulaumu zaidi ya hapo, lakini maneno yale yalitutosha. Mwaka jana mjukuu wa nne aliolewa, naye ndiye ambaye bangili yake ilipotea. Bibi alimpa yake yeye kipini.

Ndugu msomaji, usiku wa kuamkia safari, sanduku likisha kufungwa, keti na mzee wako. Mweleze njia tangu mlango wa gari hadi kiti cha ndege: wapi atavua viatu, nani atampokea mkoba, lango litalia kwa sababu gani, na aseme nini likilia. Mwache aulize, hata kama maswali yake kwako ni madogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote wanaosafiri, awarejeshe kwa jamaa zao, na awasitiri mama zetu safarini kama wanavyositirika majumbani mwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.